Mwalimu, hiyo kazi mradi ni shilingi ngapi?

Swali hilo niliulizwa kwa simu na mama mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, saa mbili usiku, wiki ya kwanza ya muhula. Mwanaye yuko kidato cha pili. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi alikuwa ameona kwamba darasa zima litafanya "kazi mradi", na mzazi mmoja mwenye haraka alikuwa ameshawaambia wenzake waandae manila, kalamu za rangi na hela ya kuchapishia stationari. Mama huyu anauza nyanya, kila shilingi yake ina kazi, akaona aulize mapema. Nikamwambia haigharimu kitu. Akanyamaza kidogo. "Sasa mradi gani hauna hela, mwalimu?"

Sikucheka, maana ana haki. Katika Kiswahili chetu cha kila siku mradi ni hela. Shule ikijengewa vyoo na wafadhili tunasema imepata mradi. Jirani akinunua vifaranga 50, ana mradi. Na sisi tuliosoma zamani kidogo, ukitutajia mradi wa shule tunakumbuka jembe: shamba la pamba la shule, bustani ya mchicha nyuma ya nyumba za walimu, ng'ombe ambao tuliwakatia majani miaka yote na maziwa yao hatukuyaonja. Neno limeingia darasani na mizigo hiyo miwili mgongoni, hela na jembe. Mzazi akilisikia anashika pochi, mtoto anatazama jua lilivyo kali.

Na walimu wenyewe, nisifiche, tumechanganyikiwa vilevile. Mtaala ulioboreshwa, uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024. Ndani yake kazi mradi imetajwa kama njia ya kufundishia na pia ya kupimia. Wengi wetu tuliisoma, tukaitikia kwa kichwa kwenye semina, tukarudi shuleni na kuendelea na ubao. Kusema kweli hata neno umahiri, ambalo mtaala huu umejengwa juu yake, si geni. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 ulishatutaka tuhame kwenye kumlisha mwanafunzi maelezo twende kwenye anachoweza kukifanya. Karatasi ndiyo iliyohama. Madarasa mengi yalibaki yalipokuwa.

Tuanze na maana. Kazi mradi ni swali ambalo wanafunzi wanalifuatilia kwa siku au wiki kadhaa mpaka wapate jibu, kisha wanalionyesha jibu hilo kwa watu wanaoweza kulipinga. Lazima kuwe na swali, kuwe na ufuatiliaji, na kuwe na mtu wa kubisha. Bango la manila si kazi mradi, hata likipambwa vipi. Bustani ya mchicha nayo si kazi mradi, ingawa inaweza kugeuka kuwa hivyo siku wanafunzi wakiuliza kwa nini tuta la upande wa ukuta linanyauka kila mara, wakalipima.

Na tunaposema mwanafunzi aongoze, tunamaanisha awe na kauli kwenye mambo machache ya msingi: swali lipi, walifuatilie kwa njia gani, nani afanye nini, na waonyesheje walichokipata. Mada iko kwenye muhtasari wa somo, hachagui. Muda amepanga mwalimu. Ruhusa ya kutoka nje ya geti na usalama wa kila mtoto ni juu ya mwalimu, na hapo hakuna kura.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, nenda kasimame kwa fundi baiskeli yeyote barabara ya kwenda Buhongwa. Pembeni yake atakuwepo kijana anayejifunza. Fundi hamkalishi chini akamtajia sehemu za gurudumu. Wala hampi baiskeli ya mteja siku ya kwanza akaenda kunywa chai. Anampa ringi kuukuu iliyopinda anyooshe. Kijana anakaza spoku ya kulia, ringi inapinda zaidi. Fundi anatazama, hasemi. Kijana anaizungusha tena, anaona inavyogusa breki upande mmoja, anajaribu kulegeza ya kushoto. Akikwama kabisa fundi anaweka kidole kwenye spoku moja: "Hii hapa, nusu mzunguko." Neno moja kwa wakati wake. Ringi ni ya kijana, lakini aliyechagua apewe ringi na siyo giabox ya pikipiki ni fundi. Uamuzi huo ndio ualimu wenyewe, na ndio sehemu ngumu.

Mara ya kwanza mimi niliiharibu vibaya. Nafundisha hisabati na jiografia. Niliingia darasani nikaandika ubaoni: fanyeni mradi kuhusu uchafuzi wa mazingira ya Ziwa Victoria, wiki mbili. Nilijiona nimekwenda na wakati. Wiki mbili zikapita, yakaja mabango manane mazuri ya kutundika. Sita kati yake yalianza na sentensi ileile, kwamba ziwa lina kilomita za mraba 68,800 na linagawanywa na nchi tatu. Yote manane yalikuwa na picha ileile ya magugu maji. Hakuna hata kikundi kimoja kilichokuwa kimesimama kwenye daraja la Mto Mirongo, mto unaokata katikati ya jiji ukibeba kila tunachokitupa hadi ziwani, na ambao nusu ya darasa wanauvuka asubuhi na jioni. Nikatoa alama kwa uzuri wa mwandiko, ndicho nilichokuwa nacho cha kupima. Wiki iliyofuata nikamuuliza kijana wa kikundi kilichoongoza, magugu maji yana madhara gani kwenye injini ya boti? Akajibu kwa heshima zote: "Sijui mwalimu, ile sehemu aliiandika dada." Dada yake yuko chuo kikuu.

Nilichukua muda kuelewa kosa langu. Sikuwa nimewapa swali, niliwapa mada. "Uchafuzi wa mazingira" huwezi kuukosea, unanakili tu. Lakini ukiuliza kama chupa nyingi zinazokwama chini ya daraja hili zimetoka sokoni au majumbani, hapo mtu anaweza kukosea, kwa hiyo itabidi akahesabu. Na simu haimsaidii sana. Siku hizi tunalalamika watoto wananakili kila kitu mtandaoni, na programu za akili mnemba zinawaandikia insha nzima kabla chai haijapoa. Sawa. Ziulize Jumanne iliyopita kulikuwa na chupa ngapi chini ya daraja la mtaani kwenu.

Swali lililonifundisha kazi hii lilitoka kwa msichana wa dawati la nyuma, tukiwa tunazungumza mengine kabisa. "Mwalimu, kwa nini mbalamwezi dagaa wanapanda bei?" Mama yake anapika mgahawani, bei anazisikia nyumbani. Kabla sijafungua mdomo, mwenzake akadakia: kwa sababu dagaa wanaziona nyavu. Mwingine akapinga: hapana, wavuvi wanaogopa doria. Wa tatu akasema hakuna kitu kama hicho, bei hupanda mwisho wa mwezi kwa kuwa watu wamepokea mishahara.

Jibu nilikuwa nalo. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa mwanga. Zamani kwa karabai, sasa taa za sola zimeenea. Samaki hufuata taa, wavu unateremshwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwakusanya, kwa hiyo wavuvi wengi siku hizo hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kusubiri giza. Mzigo ukipungua mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, bei inapanda. Ningemaliza kwa dakika tatu, nao wangeandika kwenye daftari na kusahau. Nikauma ulimi. Nikawaambia: kila mmoja ameleta sababu yake, nani yuko tayari kuithibitisha?

Mzunguko wa mwezi kutoka mpevu hadi mpevu ni siku 29 na nusu, hivyo tukakubaliana wiki tano, ili tuone mbalamwezi moja kamili na pande zake zote mbili. Kila kikundi kikachagua soko au genge la karibu na nyumbani kwao: Kirumba, Igogo, Mabatini, Nyakato, wengine hadi Kisesa. Mara tatu kwa wiki waandike bei ya sado moja (kopo la kupimia) ya dagaa wakavu, na usiku wachore mwezi walivyouona.

Wiki ya pili ukazuka ugomvi. Vikundi viwili vilikwenda soko lilelile siku ileile na kurudi na bei tofauti. Kila upande ukasema wenzao wamepika takwimu wakiwa nyumbani. Karibu wapigane. Kumbe mmoja aliuliza bei ya sado iliyojazwa mpaka dagaa wakasimama juu kama kichuguu, na mwingine kwa muuzaji anayefuta juu ya kopo kwa kiganja. Wakaazima mizani duka la jirani, wakapima zote mbili. Tofauti ilikuwa gramu 160 hivi. Nakumbuka kijana mmoja akiikodolea macho mizani na kusema taratibu, "Kwa hiyo sado siyo kipimo." Mimi nimefundisha vipimo miaka mingi kwa kuanza na maana iliyoandikwa kitabuni. Sikuwahi kusikia mwanafunzi akisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Baada ya hapo walifuta data za wiki mbili na kuanza upya zile wiki tano, sasa kwa bei ya kilo. Uamuzi ulikuwa wao. Mimi ningewaambia wasawazishe kwa hesabu, lakini hawakuniuliza.

Watu wanaposikia simulizi ya namna hii huwa na mambo yao manne matano ya kusema, nami nayajua kwa sababu niliyasema kabla yao.

La kwanza ni kwamba mwalimu anapumzika, watoto wanajifundisha. Laiti ingekuwa hivyo. Wiki zile tano nilifanya kazi kuliko kawaida, ila kazi ilihama mahali. Niliongea kidogo mbele ya ubao na sana pembeni ya madawati. Nilisoma daftari zao za bei, nilikwenda mwenyewe masokoni kabla yao, niliandika barua za wazazi. Na chaki haikufukuzwa. Walipofika na namba 15 kila kikundi bila kujua wazifanyeje, nilisimama ubaoni kipindi kizima nikafundisha grafu ya mstari hatua kwa hatua, kizamani kabisa. Hapa kuna ubishi wa kweli miongoni mwa wataalamu na si vizuri kuuficha. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala iliyosomwa sana wakisema kumwachia mgeni wa somo ajigundulie mambo bila mwongozo hakumfundishi vizuri, kwa sababu akili yake inaelemewa na kutafuta kabla haijajenga cha kushika. Mimi nawaunga mkono. Ndiyo maana yule fundi anaweka kidole kwenye spoku. Anayekwambia mradi maana yake mwalimu akae kimya, ama hajawahi kuufanya au anatafuta mahali pa kulala.

Jingine ni ukubwa wa darasa. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 87. Nilitengeneza vikundi 17, kumi na vitano vya watu watano na viwili vya sita. Ukijaribu kuwasikiliza wote 17 wakiwasilisha mmoja baada ya mwingine, muhula utaisha na wa mwisho hawajafika mbele. Tulifanya kama gulio. Kila kikundi kikabandika karatasi zake ukutani, wawili wakabaki kama wauza duka, waliobaki wakazunguka kama wanunuzi wenye maswali, kisha wakabadilishana. Kwa vipindi viwili mfululizo darasa zima lilikuwa limekagua na kukaguliwa. Kelele zilikuwepo. Mwalimu wa darasa la jirani alichungulia dirishani mara mbili.

Vikundi vina ugonjwa wake, abiria. Watu watano, wanaofanya kazi wawili, alama za watano. Dawa niliyoipata si kamili ila inapunguza. Kila mwanafunzi ana ukurasa wake wa kuandika alichokifanya yeye na tarehe, na siku ya gulio namnyooshea kidole yeyote katika kikundi aeleze sehemu yoyote ya kazi yao. Akishindwa, kikundi kizima kinapoteza alama kidogo. Utashangaa wanavyofundishana usiku wa kuamkia siku hiyo.

Mtihani sasa. Walimu wenzangu wanasema, na wakuu wa shule wanasema zaidi: tutamaliza lini mada? Kama mradi ni kitu cha kuongeza juu ya vipindi vya kawaida, wana haki, usianze kabisa. Uchukue nafasi ya kitu. Mimi nilikuwa na mada ya takwimu ambayo kila mwaka ilinikuta nimechoka na muhula umechoka. Niliiondoa kwenye ubao nikaifundisha yote ndani ya dagaa: kukusanya data, jedwali, wastani, grafu. Nikaiandika hivyo kwenye azimio la kazi na kwenye andalio la somo, ili wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija wasikute watoto wako sokoni na mwalimu hana karatasi. Lakini si kila mada inafaa. Kuna vitu ni vya kufundishwa kwa dakika 20 na mazoezi kumi, basi. Anayeng'ang'ania mradi kwa kila kitu anawachosha watoto sawasawa na anayeng'ang'ania kunakili notisi.

Halafu kuna hili la "mambo ya Wazungu". Ni kweli neno hili lina historia ya huko. John Dewey alianzisha shule ya majaribio Chicago mwaka 1896, na William Heard Kilpatrick akaandika juu ya ufundishaji wa mradi mwaka 1918. Lakini mwaka 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, upande wa mashariki wa ziwa hilihili, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi wanalikumbuka kwa mashamba ya shule. Ndani yake aliandika pia kwamba wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba hilo, waone faida na hasara ya maamuzi yao. Sehemu hiyo tuliiruka. Tulilima, lakini nani kati yetu aliulizwa ilimwe pamba au mahindi? Nani aliliona daftari la mauzo? Tulichukua jembe tukaacha swali, ndiyo maana mpaka leo mtu akisikia mradi wa shule anahisi mgongo unauma.

Kuna jambo moja ambalo semina hazikunieleza, nalo ni lugha. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza. Wanafunzi wangu walikwenda mwaloni Kirumba wakasalimia "mwangaluka", wakahoji kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma, wakabishana kwa Kiswahili, kisha ripoti iandikwe kwa Kiingereza. Mara ya kwanza niliwalazimisha Kiingereza toka mwanzo na mjadala ukafa palepale. Waliobaki wakiongea ni wanne waliosoma shule za awali za kulipia. Sasa ninawaacha wafikiri kwa lugha wanayofikiria. Kiingereza kinaingia mwishoni, kwenye kuandika, na hapo mwalimu wa Kiingereza tunasaidiana naye, yeye anapata insha za kusahihisha zenye kitu ndani. Wapo watakaosema navunja kanuni ya shule. Mtoto aliyekatazwa lugha yake hatauliza kuhusu dagaa; atasema "yes sir" na kukaa.

Usalama nisiuache. Ziwa liko karibu na linavutia. Hatuingii kwenye boti na hatuingii majini hata kwa kuchota chupa moja ya sampuli. Mbali na kuzama, kuna kichocho. Wapo wazazi wanaoamini kinatokana na kunywa maji ya ziwa yasiyochemshwa, kumbe vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ya anayesimama au kuogelea. Tunakwenda watatu watatu, mchana, kwenye mtaa ambao angalau mmoja anaishi, na mzazi amesaini. Mtoto ambaye mzazi wake amekataa anafanya kazi ya kuchora grafu ya data za wenzake, na hiyo ni kazi halisi, si adhabu.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu, ushauri wangu ni mdogo kwa makusudi. Usianze na wiki tano. Anza na siku tatu na swali ambalo jibu lake liko ndani ya uzio wa shule. Rafiki yangu wa shule ya msingi huko Magu alianza na darasa la tano na kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Watoto waliuliza kwa nini watu wanatoka chooni bila kunawa. Wakahesabu siku moja kikiwa kimetundikwa karibu na ofisi, siku ya pili kikiwa kwenye njia ya kutokea chooni. Wakalinganisha. Mwalimu mkuu akakihamisha moja kwa moja. Siku mbili za kuhesabu na moja ya kuongea, gharama yake ni kamba.

Na manila marufuku. Hii ni kanuni yangu mwenyewe, haiko kwenye mwongozo wowote. Karatasi za daftari, migongo ya kalenda za mwaka jana, maboksi yaliyokatwa. Hakuna kuchapisha, hakuna rangi za kununua. Bango likishapendeza sana, macho ya mwalimu yanakwenda kwenye pambo na mfuko wa mzazi unakwenda stationari. Ndicho nilichomwambia yule mama wa Igoma usiku ule, na nikamwomba kitu kimoja tu, kwamba siku ya kuonyesha kazi aje, na kama anamjua muuza dagaa aje naye.

Alikuja naye. Mama mtu mzima wa Kirumba, kitenge kizuri, aliketi kwenye dawati la mbele na mkoba magotini. Wanafunzi wakampa shikamoo, wakamwonyesha grafu yao: mstari unapanda kuelekea mbalamwezi, unashuka giza likirudi. Siku mbili tu ndizo zilikataa kukaa sawa. Katikati ya giza, mzigo ulipotakiwa kuwa mwingi, bei ilikuwa imeruka juu, na kikundi kilikuwa kimeandika pembeni kwa penseli: "makosa ya kupima".

Akaziangalia muda mrefu. "Hamjakosea hapo," akasema. "Hizo siku mvua ilinyesha. Dagaa hawakukauka, wakaoza kwenye mchanga, tukawauza chakula cha kuku. Wazuri wakabaki kidogo." Kisha akageuka kwangu kama mtu anayenishtaki. "Mwalimu, hawa watoto hukuwaambia wahesabu mvua?"

Sikuwa nimewaambia. Yule msichana wa dawati la nyuma alikuwa ameshachukua rula. Akafuta maneno ya penseli, akachora safu mpya kwenye jedwali, juu yake akaandika: mvua.